Neno Nililoliondoa kwenye Kioo

Bombolulu, Mombasa
Jumamosi, baada ya alasiri

Kwa kaka yangu mpenzi Khatibu,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo, kaka. Naomba barua hii ikukute mzima, na ule upepo wa Marsabit unaozungusha mitambo yenu uwe haujakuzungusha na wewe. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama ni mzima, ila goti la kushoto linamsumbua akipanda ngazi za chumba cha picha. Nilimwambia tutafute chumba cha chini, akasema chini watu wanachungulia, na goti litapona lakini jina la chumba chake likiharibika haliponi. Mimi nimemaliza mitihani ya muhula. Kiswahili na Historia nimefanya vizuri, Kemia usiniulize.

Mwenzako Kadenge alifika jana na ile nyama ya ngamia uliyotutumia, iliyokaangwa na kuhifadhiwa kwenye mafuta. Mama aliionja, akasema ni tamu lakini inataka ndimu. Kadenge alicheka mpaka akashika ukuta, akasema Mama hata maji ya kunywa angeyatia ndimu. Amesema anarudi huko Jumatatu, akipitia kwanza kwao Mikindani, na atakuletea barua hii mkononi. Nimemwomba asiikunje.

Ninaandika kwa mkono kwa sababu mbili. Ya kwanza unaijua: mimi kwenye simu huwa bubu, na maneno hunijia nikishakata. Ya pili utaiona mwishoni.

Siku ya Idi, ulipomaliza kuzungumza na Mama na yeye akanipa simu nikuamkie, uliniuliza kwa sauti ya chini kama kwenye kioo nako hakukubaki chochote cha Salme. Nilikwambia mtandao unakatika. Haukuwa ukikatika, kaka. Nilikuwa nakusikia hata pumzi. Nilikata mwenyewe, nikajifungia chooni, mpaka Mama akaja kugonga na kuuliza kama ni biriani iliyoniharibu tumbo. Tangu siku hiyo swali lako nalala nalo na kuamka nalo. Leo nataka kulijibu lote, kuanzia mwanzo, hata kama jibu lenyewe litakuumiza.

Unakumbuka ulivyotutengenezea kioo kabla hujaenda kazini. Kompyuta ilikuwa moja, diski mbili. Ya kwanza uliiita kazi, ya pili ukaiita kioo, ukasema diski hufa bila kuaga na siku hiyo Mama asije akalia. Ukafungua ile skrini nyeusi isiyo na picha wala vitufe, ukaandika mstari mmoja, kisha ukauandika tena kwa kalamu nene nyuma ya boksi la kamera na kuubandika ukutani:

rsync -av --delete /kazi/ /kioo/

Ulinieleza kwamba mstari huo unasomwa kama safari. Kilichoko kazi kinakwenda kioo, wala hakirudi nyuma. Kikiongezwa kitu huku, kinaongezwa na kule. Na neno --delete ndilo linaloifanya diski ya pili iwe kioo kweli, kwa sababu kilichofutwa huku kinafutwa na kule. Ulinifundisha pia kuongeza herufi n pale mwanzoni nikiwa na wasiwasi, ili programu inieleze itakalofanya bila kulifanya. Mama alisikiliza yote hayo huku akichambua mchele. Alipolisikia lile neno la kufuta aliinua kichwa, akasema hilo ndilo analolitaka yeye, mengine ni yenu wawili.

Wewe ni mwanamume, hujaingia kwenye kupamba, kwa hiyo labda hujaona kwa nini Mama alilipenda neno hilo. Bibi harusi anapopambwa, kina mama huvua mabuibui mlangoni, na simu zote hutiwa kwenye mfuko mmoja anaokaa nao mtu wa kuaminika. Ndani hakuna kinachopiga picha ila kamera ya Mama. Harusi ikipita, mwenyewe huja kuchukua mkanda wake wa video, na Mama humwekea nakala mpaka atakapokuja kusema futa. Akisema futa, Mama humgeuzia skrini, humpa mausi, mwenyewe akafuta kwa mkono wake. Kisha Mama huapa: "Wallahi, kwangu hakikubaki hata kivuli." Wapiga picha wako wengi, kaka, na wana kamera nzuri kuliko yake. Watu wanamwita Mama kutoka Likoni mpaka Mikindani kwa sababu ya kiapo hicho.

Sasa nije kwa wifi yangu Salme.

Siku moja, alipokuwa amelazwa, mimi na Mama tulimpelekea uji hospitalini. Alikuwa amekonda, lakini ulimi wake ulikuwa uleule. Aliuonja uji akasema Mama amemfanyia ubakhili wa sukari kwa sababu ni mke wa mwanawe, angekuwa bintiye angetiliwa. Mama alicheka. Salme akamshika kiganja, akamwambia ule mkanda wake wa kupambwa aufute. Mama alimwambia aache maneno hayo, inshallah atapona aje aufute mwenyewe. Salme akasema akipona watarekodi mwingine, tena safari hii atakataa ile poda iliyomfanya kama andazi. Kisha akaacha mzaha. Alisema, "Mama, mimi nikishafunikwa, nimefunikwa. Sitaki nibaki nacheka kwenye mashine za watu. Ufute wote. Niahidi." Mama akamwambia, "Wote." Mimi nilikuwa nimesimama na chupa ya uji mkononi, nikayasikia hayo kwa masikio yangu.

Jioni hiyo Mama aliufuta kwa niaba yake. Alikuwa akilia, hata mausi ikawa inamponyoka. Alipomaliza akaniambia niendeshe kioo, akashuka kwenda kusali.

Niliongeza kwanza ile n, kama ulivyonifundisha. Mistari ikaanza kushuka, kila mmoja ukianza na neno deleting, ukifuatiwa na jina la folda: SALME. Hina yake, nyimbo zake, kuvishwa kwake. Programu ilikuwa inaniuliza, kwa adabu tu, kama nina hakika. Nikahisi nikibonyeza nitakuwa nimekubaliana na yale ambayo madaktari walikuwa wakimnong'oneza Mama. Nikajiambia Salme atapona, na akipona atautaka mkanda wake, na mimi ndiye nitakayemletea. Nikaurudisha ule mstari bila n, nikaondoa na neno moja, lile la kufuta. Nikabonyeza. Mama aliporudi akauliza kama tayari, nikasema tayari. Kwa ulimi sikudanganya, kwa sababu niliendesha kweli.

Salme hakupona, Mwenyezi Mungu amrehemu. Ulikuja, ukazika, ukarudi kazini ukiwa hujazungumza na mtu. Mama alikwambia mwenyewe kwamba mkanda alikwisha kuufuta kwa ahadi, nawe uliitikia kwa kichwa tu. Nilikuwa hapo nimeshika sinia ya kahawa. Ningekwambia siku ile, ningemdhalilisha Mama mbele ya wazee. Nisipokwambia, nakunyima wewe. Basi nikafanya nililolizoea, nikanyamaza.

Na kila jioni niliendesha kioo bila lile neno. Nilijua nikilirudisha hata mara moja, Salme ataondoka. Lakini sikufikiri jambo jingine. Kioo kisichofuta hakimbakishi mtu mmoja tu.

Hili lilinifikia siku aliyokuja Ummulkheir. Ni dada mmoja wa Likoni, ameachika, sasa anaposwa tena. Alipanda ngazi akihema na kumlaumu fundi aliyezijenga, akakaa, akasema amekuja kumfuta bwana. Mama akamwambia bwana mwenyewe hamo kwenye mkanda, ni kina mama peke yao. Ummulkheir akajibu, "Hamo? Basi hata kwenye harusi hakuonekana, na nyumbani nako hakuonekana. Lete mausi, Mama Khatibu." Alifuta huku akizisema picha moja moja: dhahabu ile ya kuazima, kope zile zilizong'oka kabla hajakaa kitini. Tulicheka sote. Kisha uso wake ukabadilika. Alimwambia Mama kwamba watu wa bwana mpya ni watu wa heshima, na kwamba kwao Likoni kuna mwanamke aliyefuta mkanda wake, na muda si mrefu ukaonekana kwenye simu ya dereva wa tuktuk. Akamuuliza Mama kama kweli hakuna nakala nyingine mahali popote.

Mama akamshika bega, akaapa. "Wallahi, kwangu hakikubaki hata kivuli."

Kaka, mimi nilikuwa nimewapa mgongo, nikijifanya nasoma. Diski ya kioo ilikuwa mezani, karibu na kiwiko cha Ummulkheir, na yeye mwenyewe alikuwa ndani yake, na kope zake. Nikaangalia ukutani, nikauona mstari wako na lile neno limekaa pale kwa kalamu nene. Mama yetu, ambaye hata samaki haapii sokoni, alikuwa ameapa kwa jina la Mwenyezi Mungu juu ya jambo la uongo, na aliyelifanya kuwa uongo ni mimi. Wala hakuwa Ummulkheir peke yake. Kila aliyekuja kusema futa tangu siku ya ule uji, nilikuwa nimemfungia ndani na Salme, na wote walikwenda zao wakiwa na amani.

Utasema, kwa nini sikuinakili folda ya Salme peke yake kwenye flashi na kulirudisha neno, wengine wakafutika. Nilifikiri hivyo. Flashi nilikuwa nayo mfukoni siku nyingi, imelowa jasho. Lakini kila nilipoitoa mkono ulikataa. Kuondoa neno nilijidanganya kwamba si kutenda, ni kuacha tu kutenda. Kunakili kungekuwa kumchukua mtu aliyesema asichukuliwe, na mimi nilimsikia akisema.

Wiki iliyopita kioo kilinisema chenyewe. Mama alirudi na harusi mpya ya Mikindani, nikaendesha mstari kama kawaida, programu ikafika katikati ikasimama na kutangaza kwamba nafasi imekwisha. Mama aliniona nimeduwaa, akaja. Kompyuta haijui, unamjua, lakini alinitaka nimwonyeshe diski zote mbili. Ya kazi ilikuwa na nafasi tele. Ya kioo ilikuwa imejaa pomoni. Akaziangalia, akaniangalia, akauliza taratibu, "Intisar, kioo kinaonaje watu wengi kuliko waliosimama mbele yake?"

Nikaanza kujibu kwa kunong'ona. Mama akaizima feni ili anisikie, kwa sababu anajua mimi nasema kwa chini. Nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akauliza jambo moja tu: "Na Ummulkheir?" Nikamwambia ndiyo, na Ummulkheir. Akasema, "Kwa hiyo nimemwapia uongo mtoto wa watu." Nikamwambia yeye hakujua, hana dhambi. Akanijibu kwamba yeye hakujua, lakini mimi nilijua, na nilikuwa pale namsikia akiapa, na nikamwacha aape. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

Ndipo nikamtaja wewe. Nilimweleza swali lako la siku ya Idi, na jinsi nilivyokata simu. Mama akajifunika uso kwa leso, akakaa hivyo. Mimi, ambaye sijapata kubishana naye maishani, nikabishana. Nikamwambia Salme ni mkeo, na mume ana haki ya kumwona mkewe. Akasema chumba kile kilikuwa kimejaa wake za watu. Nikamwambia kuna mahali pamoja kwenye mkanda pasipoonekana mtu yeyote, pale stima ilipopotea ukumbi ukawa giza. Mama akashusha leso. Alikuwa amepakumbuka.

Tulipafungua pamoja, yeye na mimi, mahali pale tu. Sote wawili tulikuwamo chumbani siku ile, hatukuona tusichowahi kukiona. Tulisikiliza mpaka mwisho. Mama alicheka huku ameziba mdomo, machozi yakipita juu ya vidole. Kilipokwisha nikamwambia hiki kipande tumtumie Khatibu, ni giza tupu na sauti. Mama aliinuka. Alikwenda akatawadha, akasali alasiri, akakaa kwenye msala muda mrefu. Aliporudi akasema hivi: "Salme hakuniambia nifute kinachoonekana. Aliniambia wote, nami nikasema wote. Nikikibakisha hiki, nitakuwa nimechagua mimi, na mwenye kuchagua alikuwa yeye." Nikaanza kulia. Akaendelea kusema kwamba mimi na yeye tulikuwamo mle ndani kwa macho na masikio yetu, na hakuna aliyetuapisha tusahau. Akaniambia, "Maneno yale alikuwa akimwambia mumewe, na hayakufika. Mwandikie."

Nilirudi kwenye skrini nyeusi. Nikalirudisha neno mahali pake, nikaongeza ile n kwa mara ya mwisho. Majina yakashuka, mengi, na Mama akayasoma pamoja nami, mengine akiwaombea dua walioolewa, mengine akitikisa kichwa. La Salme lilikuwa katikati, kama la mtu yeyote. Kisha nikaitoa n. Mama aliuliza kama nataka abonyeze yeye. Nikasema hapana, aliyeondoa neno ni mimi.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili, kaka. Ndiyo, mkanda ulikuwapo. Siku ile uliponiuliza, mkanda ulikuwa hapa juu ya meza, ningeweza kukwambia ndiyo, nawe ungekuja kwa basi la usiku huohuo, nakujua. Sasa haupo. Nimeufuta kwa mkono wangu, huku nikijua unautaka. Mama amenipa ruhusa, lakini hakunilazimisha, basi ukikasirika nikasirikie mimi. Jumanne tunavuka feri kwenda Likoni kwa Ummulkheir. Mama anataka kumwambia uso kwa uso kwamba kiapo cha kwanza kilikuwa na kasoro, hata kama kazi itapungua. Nitakwenda naye, na kusema nitasema mimi.

Na sasa nikufikishie kilicho chako.

Utakumbuka stima ilivyopotea ukumbini siku ya kupamba, wakakuita wewe kutoka kwa wanaume uje kuhangaika na jenereta nyuma ya ukuta. Siku ya pili uliniuliza kina mama walikuwa wakicheka nini gizani namna ile, nikaona haya kukwambia. Walikuwa wakicheka hivi. Giza lilipoingia, hakuna aliyeweza kuwasha hata taa ya simu, kwa sababu simu zote zilikuwa mfukoni kule mlangoni. Watu wakaanza kuguna. Salme, kwenye kiti chake, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Jamani, mimi ndiye niliyeolewa na fundi wa stima, na mimi ndiye ninayekaa gizani!" Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Nyamvula, yule mpambaji, akasema basi aitwe bwana harusi aingie atengeneze humu ndani. Wanawake wakapiga makelele, kila mtu anatafuta buibui lake asilione, mwingine kavaa la jirani. Salme akangoja watulie. Kisha akasema, si kwa mzaha tena, "Aingie amefumba macho. Mimi nitamshika mkono. Sitamwachia ajikwae."

Baada ya hapo tukasikia jenereta yako inakohoa nje. Akamwambia Mama, chini chini, karibu na kamera: "Ni yeye huyo. Mwambie asifanye haraka, hapa pazuri." Taa ziliporudi kila mtu alishangilia akiangalia juu. Mimi nilimwangalia yeye. Alikuwa ameunyoosha mkono wake wa hina upande wa ukuta uliokuwapo wewe, kiganja kikiwa wazi, na hakuushusha mara moja.

Hiyo ndiyo sababu ya pili ya kuandika kwa mkono. Barua hii sikuiandika kwenye kompyuta wala sikuipiga picha. Haina kioo. Ukitaka kuihifadhi, ihifadhi. Na ukitaka kuichana, haipo mahali pengine popote.

Mama anakusalimu sana na anakuombea dua kila sala. Anasema uvae sweta, na nyama nyingine ukituma utume na ndimu. Nisalimie wenzako, na Kadenge umshukuru kwa kubeba. Mola akulinde huko uliko na akurudishe kwetu salama.

Nduguyo anayekupenda na kukuomba radhi,

Intisar